Mkwe Asiye na Ukoo: Kisa cha Mwambambe na Kiti cha Munyigumba

Munyigumba, mutwa (mtawala mkuu) wa Wahehe, alifariki kati ya 1878 na 1879, vita na Wangoni vikiwa bado vibichi. Matanga yalikuwa hayajapoa, na aliyekuwa anakalia kiti hakutoka katika nyumba yake. Alikuwa mkwewe, Mwambambe, mume wa binti yake. Mwana wa marehemu, kijana wa miaka ishirini na kitu aliyekuja kujulikana kwa jina la Mkwawa, alikuwa amekimbilia Ugogo.

Wanaoandika riwaya za falme za kubuni, na wanaoandaa michezo ya mezani ya vita vya urithi, wamezoea kuazima mbali. Utaona majumba ya mawe yenye theluji, mfalme mgonjwa, binamu watano na harusi moja yenye sumu. Kisa cha Mwambambe kimelala hapa hapa Iringa, na kina kila kiungo: ndoa ya kisiasa, kifo katikati ya vita, mrithi aliye uhamishoni, jeshi la kukodi na pigano la mwisho ambalo mahali pake pamebaki na jina la mafuvu. Tutakifumua kipande kwa kipande. Kila tukifika penye kitu cha kubebwa kwenda kwenye ufalme wa kubuni, tutaeleza namna ya kukibeba bila kukivunja.

Binti anayeingia na binti anayetoka

Kabla ya katikati ya karne ya 19, Uhehe ilikuwa vitawala vidogo vingi, kila kimoja na mutwa wake. Munyigumba, wa nyumba ya Mwamuyinga, ndiye aliyevikusanya kwa kiasi kikubwa, tena katika maisha ya mtu mmoja. Mkuki ulifanya kazi ya siku ya kwanza. Kazi ya miaka iliyofuata iliachiwa wanzagila, yaani watawala wa chini waliokaa maeneoni kwa niaba ya mutwa, na iliachiwa ndoa.

Hapa ndipo wengi wanaojenga falme za kubuni hukosea mapema sana. Huandika "ndoa ya muungano" kana kwamba ni kitu kimoja, ilhali binti anayeingia ikulu na binti anayetoka ikulu hawafanyi kazi moja.

Binti wa mtawala aliyeshindwa anapoletwa kwa mutwa, ni rehani. Baba yake atafikiri mara mbili kabla ya kuasi. Lakini rehani hii ina miguu. Kaka zake wanapata sababu halali ya kuja ikulu, kula, kulala na kuhesabu mikuki. Akizaa mtoto wa kiume, nyumba iliyoshindwa inakuwa na mjukuu ndani ya boma la mshindi, na wajomba wa kumsemea.

Binti wa mutwa anapoozwa kwa mtawala wa chini, ni jicho. Nyumba yake ndiyo mahali ambapo mjumbe wa baba yake anaweza kushukia bila kuulizwa amefuata nini. Katika majina ya Kihehe mwanamke hubeba ukoo wa baba yake kwa kiambishi cha Se-, na haupotezi kwa kuolewa. Kwa hiyo kila anayemwita kwa jina anamkumbusha mumewe ameoa wapi. Ila jicho hilo ni ngazi pia. Mume aliyekuwa mtu wa pembeni sasa anaitwa mkwe, anakaa karibu na kiti, anajua pembe za ndovu zimefichwa wapi na nani kati ya wazee ana kinyongo.

Ukitengeneza ufalme wako, chora ramani ya ndoa kwa rangi mbili, moja ya wanaoingia na nyingine ya wanaotoka. Ukiona eneo ambalo mabinti wametoka ikulu kwenda huko na hakuna hata mmoja aliyekuja, hapo ndipo uasi utakapoanzia. Mutwa ana jicho kule lakini hana rehani. Mwambambe alikuwa mahali hapo hasa.

Kwa nini achaguliwe mtu asiye na kwao

Masimulizi ya Kihehe yanamtaja Mwambambe kuwa mtu wa asili ya utumwa, mgeni aliyepanda hadi akapewa watu wa kuwatawala na binti wa mutwa wa kumwoa. Msomaji wa leo anaweza kushangaa. Kwa mantiki ya ikulu, lilikuwa chaguo la busara.

Mutwa anayeunganisha vitawala vingi ana tatizo moja kubwa, na tatizo hilo ni ndugu zake. Kaka wa mutwa ana damu ya kutosha kudai kiti. Mtawala aliyeshindwa ana ardhi na watu wanaomkumbuka baba yake. Mtumwa aliyeinuliwa hana vyote viwili. Chakula chake kinatoka kwa bwana, na mke wake pia. Akifukuzwa leo, kesho hana kijiji cha kumpokea. Kwa hiyo bwana anamwamini kuliko anavyomwamini ndugu wa tumbo moja.

Hesabu hiyo inakamilika bwana akiwa hai. Siku anapokufa, yule yule aliyekuwa salama anageuka kuwa mtu aliye hatarini kuliko wote ikulu. Kaka wa marehemu akikosa kiti atabaki kaka wa marehemu. Mnzagila wa ukoo mkubwa atabaki na ukoo wake. Mkwe asiye na ukoo alikuwa na uhusiano mmoja tu, na umezikwa. Mutwa mpya ana watu wake wa kuwapa maeneo, naye ni wa kwanza kunyang'anywa. Kati ya kusubiri kunyang'anywa na kujaribu kunyakua, umbali ni siku chache.

Ndiyo maana tunasema kosa la kuandika mhusika kama huyu ni kumpa tamaa. Tamaa haihitajiki. Mpe hofu yenye hesabu, na msomaji atamfuata hadi mahali ambapo mwenye tamaa angeachwa peke yake.

Ufa uliokuwa ndani ya simulizi ya nyumba yenyewe

Kuna jambo ambalo wengi wanaosimulia kisa hiki hulipita. Nyumba ya Mwamuyinga yenyewe inaeleza kwamba ilizaliwa kupitia binti. Simulizi ya asili yao inasema mwindaji mgeni, Mufwimi, alifika Ng'uruhe kwa mtawala Mududa. Alizaa na binti wa Mududa, Semududa, akaondoka kabla mtoto hajazaliwa, akaacha agizo kwamba akiwa wa kiume aitwe Muyinga. Mjukuu huyo wa upande wa binti ndiye aliyekuja kukalia kiti cha babu yake, na vizazi vyote vya watwa, hadi Munyigumba na Mkwawa, vinajihesabu kutoka kwake.

Sasa iweke simulizi hiyo masikioni mwa mkwe. Mgeni kutoka mbali, hana ukoo hapa, ana uhusiano na binti wa mtawala. Anayesimuliwa jioni kwenye ulanzi ni Mufwimi, na Mwambambe anajisikia yeye.

Tofauti ni moja, lakini ndiyo iliyoamua vita. Simulizi inampa kiti mjukuu, mtoto aliyezaliwa ndani, akalelewa na nyumba ya mama, damu ya babu ikiwa ndani yake. Mufwimi mwenyewe hakutawala siku hata moja. Kwa hiyo mlango upo wazi kwa mtoto wa binti, na umefungwa kwa mume wa binti. Mwambambe alisukuma mlango sahihi kwa mtu asiye sahihi.

Kama ufalme wako wa kubuni hauna simulizi ya asili, uandikie moja kabla ya kuandika vita, halafu tafuta ufa wake. Hakuna anayenyakua kiti kwa kusema "nimenyakua". Kila mnyakuzi anasoma simulizi ya nyumba anayoiingilia na kudai ndiyo inayomtaja.

Magharibi ya pale, na karibu katika miaka hiyo hiyo, kuna mfano wa mlango uliofunguliwa vingine kabisa. Nyungu ya Mawe, aliyejenga dola ya Wakimbu kwa ruga-ruga, yaani wapiganaji wa kukodi, alifariki mwaka 1884, na aliyemrithi ni binti yake Mgalula, yeye mwenyewe, na dola haikuvunjika. Palipo na desturi ya binti kukalia kiti, mume wake hana hoja. Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, nako kulikuwa na mfano wa tatu. Muhammad bin Juma, baba yake Tippu Tip, alimwoa Karunde, binti wa Fundikira, mtemi wa huko. Ndoa ile ilimpa mfanyabiashara wa Kiarabu kiti cha karibu na mtemi, sauti katika mambo ya urithi na njia ya pembe. Kiti chenyewe hakukihitaji. Mkwe mwenye kwao kwingine hutaka faida ya ikulu. Asiye na kwao huitaka ikulu yenyewe.

Siku za msiba

Munyigumba alipofariki, nchi ilikuwa imebanwa. Upande wa magharibi palikuwa na Wasangu na mtawala wao, Merere. Mwaka 1877 konseli wa Uingereza, Frederic Elton, alipopita kule, alimkuta Merere amezingirwa na Wahehe. Baadaye Wasangu walisogea hadi Utengule ya karibu na Mbeya ya leo. Kusini kulikuwa na Wangoni, ambao vita nao vilianza 1878 na kuendelea hadi karibu 1882. Nchi ikiwa hivyo haiwezi kungoja mtoto akue wala wazee wabishane misimu miwili. Inataka mtu mzima anayejua kuongoza vita, leo. Hapakuwa na kanuni kali kwamba kifungua mimba ndiye arithi, kwa hiyo ndugu wa marehemu na wanawe wote walikuwa na hoja. Penye wengi wenye hoja, anayeanza kutenda ndiye anayetangulia.

Msiba wa mtawala una sifa moja inayousaidia uasi: huwezi kumzuia mkwe asije. Katika siku za kawaida, mnzagila anayekaribia boma na wanaume mia mbili wenye mikuki atasimamishwa njiani. Siku ya msiba, mkwe anayekuja na watu wachache ndiye atakayesemwa. Lazima aje, aje na watu, aje na ng'ombe wa kuchinja, na alale. Ukiandika mapinduzi, achana na njia za siri chini ya ardhi. Msiba unatosha.

Kazi za mnyakuzi katika siku hizo zina mpangilio, na mpangilio ukiharibika mapinduzi yanaharibika. Habari ya kifo ndiyo ya kwanza, ijulikane ikulu kabla ya kujulikana mipakani. Inayofuata ni ghala, yaani pembe, bunduki, baruti na ng'ombe, kwa sababu mashujaa wa marehemu watamfuata anayewalisha. Ya tatu ni maziko, maana anayesimama kichwani pa kaburi anaonekana mwenye nyumba. Ya nne ni wazee wa ukoo wanaoweza kumtawaza mtu mwingine. Ya tano ni mrithi.

Masimulizi yanasema Mwambambe aliwaua watu wa nyumba ya Muyinga. Yaani ya nne aliifanya. Ya tano ilimponyoka.

Ugogo

Mkwawa alivuka kwenda Ugogo, kaskazini, ng'ambo ya Ruaha Mkuu. Mto huo hujaa masika na kupungua sana kiangazi, kwa hiyo mkimbizi anayevuka kabla maji hayajapanda amejinunulia miezi kadhaa ambayo jeshi haliwezi kumfuata kwa urahisi. Nyanda za juu huwa na mvua kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, na mavuno huingia ghalani kuelekea Juni. Majeshi ya huku yalipenda kiangazi. Hata vita na Wajerumani vilifuata kalenda hiyo: pigano la Lugalo lilikuwa tarehe 17 Agosti 1891, na Kalenga, ngome ya Mkwawa, ilianguka tarehe 30 Oktoba 1894.

Chukua kalenda hii uitie kwenye ufalme wako. Mtawala akifa Desemba, mnyakuzi ana miezi mitano ya matope ya kujiimarisha, na mrithi ana miezi mitano ya kutafuta marafiki. Akifa Julai, vita vinaanza wiki hiyo hiyo na aliyejiandaa zaidi anashinda. Tarehe ya kifo ina uzito kuliko idadi ya majoka.

Kumwacha mrithi hai uhamishoni kulimgharimu Mwambambe kwa njia ambayo watu huidharau. Mrithi aliyekufa anaombolezwa, halafu watu wanarudi shambani. Mrithi aliye hai ng'ambo ya mto anageuza kila kosa la mnyakuzi kuwa ujumbe. Mnzagila akinyang'anywa ng'ombe, anatuma mtu Ugogo. Mzee akiuawa, wanawe wanakwenda Ugogo. Mkwawa hakuhitaji kufanya lolote katika miezi ile zaidi ya kubaki hai na kujulikana alipo.

Kumbuka pia kwamba Mwambambe alikuwa anatawala nchi ambayo misumari yake ilikuwa ndoa za Munyigumba. Wake wa marehemu waliotoka katika vitawala vilivyoshindwa walikuwa bado ikulu, au wamerudi kwao. Watoto wao walikuwa ndugu wa Mkwawa kwa baba. Wajomba wa watoto hao walipaswa kuchagua: chini ya Mwambambe wajukuu wao si kitu, chini ya mwana wa Munyigumba ni ndugu wa mutwa. Hapa ndipo tunapoona ndoa za mzee zikifanya kazi baada ya yeye kufa, kila moja ikivuta kitawala kimoja kuelekea Ugogo. Ndoa iliyompa Mwambambe hadhi ilitoka katika nyumba ile ile aliyokuwa anaiua.

Umri wa ndoa

Hapa tukae kidogo, kwa sababu ni mahali ambapo vita vingi vya kubuni huvunjika magoti.

Vita vya urithi ni vya miezi, au miaka michache. Mtoto anahitaji miezi 9 kuzaliwa na miaka 16 au zaidi kushika mkuki. Kwa hiyo ndoa inayofungwa vita vikiwa vimeanza haiwezi kuleta mrithi wa vita hivyo. Inaleta askari, na mara nyingi inawaleta mara moja tu. Mwandishi anayemwoza binti wa kaskazini sura ya tisa ili "kuimarisha damu" sura ya kumi na mbili amesahau kuhesabu.

Ipime kila ndoa kwa umri wake siku mtawala anapokufa. Ya mwaka 0 hadi 1 ni mkataba wa mikuki. Mahari yake ndiyo malipo ya jeshi, na upande mmoja ukishindwa, bibi harusi anarudishwa kwao au anabaki mateka. Ya miaka 2 hadi 12 ina mtoto mdogo, na mtoto mdogo maana yake ni mlezi. Kiti kinakuwa cha mtoto, chakula kinakuwa cha mjomba. Ya miaka 18 na kuendelea imeshazaa watu wazima wenye mashamba, marafiki na chuki zao, na hii ndiyo yenye nguvu kuliko zote, ingawa hakuna anayeiimbia.

Munyigumba aliacha ndoa nyingi za aina ya tatu. Ya Mwambambe, kwa kukisia, ilikuwa ya aina ya pili. Alikuwa na hoja nzuri moja iliyompita mbele ya macho: angejitangaza mlezi. "Nchi iko vitani, namlindia kiti mjukuu wa Munyigumba." Angekuwa anasema lugha ya simulizi ya Mufwimi neno kwa neno, na baadhi ya wazee wangepata mahali pa heshima pa kusimamia. Masimulizi yanamkumbuka kama mtu aliyetaka kiti mwenyewe, na kwa maoni yetu huo ndio uliokuwa uamuzi mbaya kuliko wote, mbaya hata kuliko kumkosa Mkwawa.

Kiwele, na bei ya mikuki ya kuazima

Mkwawa aliporudi, Mwambambe alishindwa, akakimbilia Kiwele, nchi ya Wakimbu, kaskazini-magharibi. Ndiyo miaka ambayo Nyungu ya Mawe alikuwa anaitawala sehemu hiyo ya dunia kwa ruga-ruga. Nyungu mwenyewe alitoka katika nyumba ya watemi wa Unyanyembe, nyumba iliyokuwa imepasuliwa na vita vya urithi vya Mnywa Sele. Mkimbizi wa kiti aliyefika huko hakuhitaji kueleza sana. Nchi ilikuwa na vijana waliokwisha ng'olewa makwao na wanaoishi kwa mikuki.

Kupata mikuki ya aina hiyo ni rahisi. Kuilisha ndiko kugumu. Tuchukue mfano wa kubuni wenye namba, ambao unaweza kuutumia ulivyo. Wapiganaji 800, nafaka kilo 0.7 kwa mtu kwa siku. Kwa siku moja ni kilo 560. Umbali ni kilomita 200, mwendo wa kilomita 20 kwa siku, yaani siku 10: kilo 5,600. Mpagazi mmoja anabeba kilo 30, lakini naye anakula kilo 7 katika siku hizo, kwa hiyo anayofikisha ni 23. Unahitaji wapagazi 244.

Ukitaka pia chakula cha kurudia, siku zinakuwa 20. Wapiganaji wanahitaji kilo 11,200. Mpagazi anakula 14 kati ya 30 zake, anabaki na 16. Sasa unahitaji wapagazi 700. Siku zimeongezeka mara mbili, wapagazi karibu mara tatu. Ukifika siku ya 43, mpagazi amekula mzigo wake wote na hajakusaidia chochote.

Hakuna mkimbizi mwenye wapagazi 700. Kwa hiyo jeshi la kuazima linakula vijiji linavyopita, na vijiji hivyo ni vya watu ambao mkimbizi anataka kuwatawala. Kila ghala linalotobolewa linamhamishia mwenye kiti watu. Na baada ya ushindi ruga-ruga wanadai chao: pembe, ng'ombe, watu. Mkwe aliyepewa kila kitu na Munyigumba sasa angetawala akiwa mdaiwa wa wageni. Mwenye ukoo akishindwa hukimbilia kwa wajomba, na wajomba huvumilia kungoja. Asiye na ukoo hukimbilia kwa wapangishaji wa mikuki.

Walirudi, wakapigana na Mkwawa, na Mwambambe akauawa. Mahali pa pigano pakaitwa Ilundamatwe, palipolundikwa vichwa. Jina liko hadi leo.

Alichorekebisha mshindi

Mkwawa aliyerudi kutoka Ugogo alitawala kama mtu aliyejifunza kwa kupigwa. Baadaye Kalenga ikazungushiwa ukuta wa mawe. Jina lenyewe la Iringa linatokana na lilinga, ngome. Kazi kubwa za vita akazikabidhi kwa ndugu wa damu. Mpangile, ndugu yake, ndiye aliyekuwa mstari wa mbele Lugalo, siku kamanda wa Kijerumani, Emil von Zelewski, alipouawa.

Yaani aliziba ufa wa mkwe kwa kufungua ufa wa ndugu. Baba yake aliogopa ndugu, akaamini mkwe. Mwana aliogopa mkwe, akaamini ndugu. Wajerumani waliuona ufa huo. Desemba 1896, Mkwawa akiwa msituni, ofisa wao, Tom von Prince, alimtawaza Mpangile awe mutwa. Haikufika miezi mitatu. Februari 1897 walimnyonga kwa tuhuma kwamba kwa siri alikuwa bado upande wa kaka yake. Mkwawa alijipiga risasi Mlambalasi tarehe 19 Julai 1898. Wasangu, waliokuwa wamesukumwa hadi Utengule, walisimama na Wajerumani na wakarudishiwa Usangu yao. Kiwanga, mtawala wa Kilombero, naye alikuwa upande huo huo. Uadui ulioachwa na Munyigumba bila kufungwa kwa ndoa wala kwa amani ulikaa karibu miaka ishirini ukingoja mtu mwenye mizinga.

Kwa mjenzi wa ufalme wa kubuni, hapo pana sura ya pili ya kitabu bila kubuni kitu: mshindi wa vita vya urithi hurekebisha kosa lililomuumiza yeye, na adui wa kizazi kinachofuata huingilia pale alipoweka imani yake mpya.

Mtoto wa Ilundamatwe

Limebaki jambo moja la kujengea, na hapa tumeshatoka kwenye historia, tuko kwenye ufalme wa kubuni wa msomaji. Binti wa mtawala, mke wa mnyakuzi, umweke wapi siku ya pigano la mwisho?

Wengi humweka kambini kwa mumewe, alie juu ya maiti. Wengine humweka ikulu kwa kaka yake, ampelekee siri. Zote mbili zinamfanya mjumbe wa wanaume wawili. Sisi tungemweka kijijini kwa mama yake, katikati ya njia ya majeshi yote mawili, akiwa na mtoto wa kiume, mjukuu wa mtawala aliyefariki.

Mpe mtoto miaka minne. Akiwa na mwaka mmoja, anaweza kupewa jina jingine na kulelewa bila kujua. Akiwa na kumi, anajua baba yake aliuawa na nani, na mjomba ana kisingizio cha kumwogopa. Wa miaka minne hana kisasi bado, na anajua jina lake tu. Kwa simulizi ya nyumba yao, mtoto wa binti na mgeni ndiye hasa aliyeanzisha ukoo wa kifalme, kwa hiyo mjomba akimuua anakata mzizi anaousimamia mwenyewe. Akimlea, analea dai lililo safi kuliko la wanawe mwenyewe. Akimwoza baadaye kwa binti yake ili kuunganisha madai mawili, ametengeneza mkwe.

Mshindi anafika kijijini jioni, damu ya mume wa dada yake bado iko mkononi. Dada anamtandikia mkeka, anamletea maji ya kunawa, kisha anamwita mtoto aje amwamkie mjomba wake.